Nilifuta kanda za Migebuka Jazz pale Gungu, nikasingizia mvua

Wakuu, habari za mihangaiko.

Nimekuwa msomaji tu humu kwa miaka, nacheka na komenti zenu na kusepa. Leo naandika mwenyewe. Sina chumvi ya kuongeza, na pale nilipofanya ujinga nitasema nilifanya ujinga. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Kilichonichokoza ni habari niliyoisoma juzi kuhusu bendi moja ya Brazil, wale wa jazz iliyochanganywa na funk. Kumbe kanda zao za mwanzo kabisa, za kabla hawajajulikana, zilikuwa zimelala mahali miaka na miaka, mtu kazikuta. Dunia nzima inashangilia. Nikaweka simu chini, nikasukuma sahani pembeni. Mke wangu akauliza kafa nani.

Hakuna aliyekufa. Nilikumbuka dhambi yangu.

Sasa twende taratibu.

Miaka ile vita ya ng'ambo ya ziwa ilipopamba moto, watu wakivuka ziwa kwa mitumbwi na maboti kuja huku, mimi nilikuwa na kibanda cha kurekodi kanda pale Gungu, Kigoma. Wadogo zangu wa zama za simu, msicheke. Mtu anakuja na orodha ya nyimbo, wewe unamrekodia kwenye kaseti, anaondoka anachekelea. Nilikuwa na deki moja kubwa ya milango miwili, inatumia umeme na betri, na maikrofoni mbili. Mtaani naitwa Fundi, kifua mbele.

Lakini kazi iliyokuja kuwa kubwa kuliko muziki ilikuwa ni kanda za kuaga.

Nieleze. Mtu ana ndugu ng'ambo, hajui kama wazima. Anaamua kurudi kuwatafuta, vita au si vita. Kabla ya kuvuka anapita kwangu, anakaa kwenye stuli, anaongea kwenye kaseti dakika tano, kumi. Kaseti anamwachia mama yake au mkewe. Ikitokea hakurudi, sauti ipo. Wengi wa wazazi wao hawakusoma, barua ingewafaa nini?

Nilisikia mambo kwenye stuli ile. Mwanaume mzima na ndevu zake anamwambia mama yake asisahau kuanua nguo mvua ikija. Ndiyo hayo tu. Halafu anatoka, anapanda boti.

Basi, mwaka mmoja wa miaka hiyo wakaja Migebuka Jazz.

Jina walilipata hapa hapa. Walifika kutoka ng'ambo, wakafikia kwa ndugu zao Ujiji, wakawa wanapiga kwenye sherehe na kulipwa samaki, wale migebuka wa ziwani. Watu wakawatania, hawa ni Migebuka Jazz, nao wakalikubali. Walikuwa watano. Mkubwa wao alikuwa Amisi, mpiga gitaa la solo, mtu mrefu, mkimya. Mwimbaji alikuwa mdogo wake wa kike, Feza.

Wakuu, Feza alikuwa anaimba. Sijui niseme nini zaidi. Rumba ya kwao, ila gitaa la Amisi linakatakata kama mtu anayecheka kwa kujizuia, na besi inatembea hovyo kwa makusudi, na yule dada juu yake anapita taratibu hana haraka na mtu. Sikuwahi kusikia kitu kile kabla, na baadaye pia sikukisikia.

Walikuja kurekodi mchana mmoja kibandani kwangu. Umeme ukakatika tu walipomaliza kufunga nyaya, kama kawaida ya Kigoma ya wakati ule. Nikaweka betri. Betri zenyewe zilikuwa zimechoka, nimezianika juani kutwa mbili. Wenye umri wangu mnalijua hilo, betri ikifa unaianika juu ya bati, inafufuka kidogo.

Walirekodi kanda nne. Feza aliimba amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, miguu ilikuwa inamvimba. Nikawarudishia, tukasikiliza kwa betri zile zile, ikatoka vizuri mno. Amisi akavunja kwa mkono wake vile vijino viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti, ili mtu asije akarekodi juu yake. Feza akatoa rangi ya kucha mkobani, nyekundu, akaweka tone moja kwenye kila kaseti.

"Zisipotee katikati ya zingine," alisema. "Fundi, weye utatuchungia. Tukipata nafasi tutakuja kuzichukua."

Wiki haijaisha wakapelekwa kambi ya wakimbizi upande wa Kasulu. Kutoka kambini ilihitaji kibali, na kibali hakikuwa kitu cha kuokota. Kanda zikabaki kwenye rafu yangu.

Hapa ndipo aibu inapoanza.

Umeme uliporudi kukaa vizuri, siku moja niliweka kanda mojawapo nisikilize. Nikasikia kelele za vijitu vidogo vinakimbizana. Gitaa kama nzi, Feza kama kitoto kimebanwa mlangoni. Nikaweka ya pili, hivyo hivyo. Nikajiambia, basi, joto limeziharibu.

Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Miezi ile watu wa kanda za kuaga walikuwa foleni, na kaseti tupu zimeadimika mjini. Alikuja kijana mmoja wa Ujiji, Sefu, mkewe na watoto walikuwa ng'ambo, boti lake linaondoka jioni ile ile. Kaseti sina. Akanishika mkono. "Fundi, mama yangu ni peke yake. Nisimwachie hata sauti?"

Nikanyoosha mkono kwenye rafu. Unachukua kikaratasi, unakikunja, unakishindilia kwenye tundu la kijino kilichovunjwa, deki inadanganyika, inarekodi. Nikarekodi juu ya Migebuka Jazz.

Sitajifanya malaika. Ya Sefu niliifanya kwa huruma. Tatu zilizobaki nilizitoa mwezi ule ule kwa sababu nilishazoea, na watu walikuwa wananilipa. Nilijiambia zimeshaharibika hata hivyo.

Miaka kadhaa ikapita. Siku moja Amisi akatokea kibandani, kibali mkononi, kakonda. Feza alifariki kambini akijifungua, wala haikuwa muda mrefu baada ya kutoka Ujiji. Mtoto alipona, wa kike, anaitwa Riziki, na Amisi ndiye anayemlea. Akasema amekuja kuchukua kanda.

Nikamwambia mvua iliingia kibandani, zikaloa zote.

Lilinitoka bila kupanga. Amisi akatazama bati langu, akatazama rafu, akasema, "Mvua ni kitu ya Mungu." Akanishukuru kwa kuzitunza kadiri nilivyoweza. Alinishukuru, wakuu. Nilifunga kibanda mapema siku ile.

Sasa rukeni mbele miaka zaidi ya ishirini. Kanda zimekufa, mimi nauza vifaa vya simu palepale Gungu, tumbo limetoka. Siku moja asubuhi bodaboda inasimama mbele ya duka, wanashuka mzee mrefu mwenye mvi na msichana. Nilimjua Amisi kwa vidole.

"Shikamoo Fundi," msichana akasema. Nikaitikia huku namtazama. Uso wa Feza mtupu.

Amisi akaeleza. Majina yao yametoka, wanapelekwa kuishi nchi ya mbali, siku kumi zijazo wanasafirishwa. Hawatarajii kurudi.

"Nimekuja kuaga," alisema. "Na huyu mutoto ana neno lake."

Riziki akasema kwa upole, bila hata lawama, "Baba mdogo, sijawahi kusikia sauti ya mama. Picha ninayo moja. Nilikuwa nauliza, labda kipande tu kilibaki. Hata akikohoa tu."

Mimi si baba yake mdogo. Kaniita hivyo kwa heshima tu. Pale pale ningesema ukweli. Badala yake nikatia uongo wa pili juu ya wa kwanza: nikasema nimekumbuka, kuna kanda moja niliiazimisha mtu kabla ya mvua, nipeni siku mbili.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa ndefu, imepita Gungu hadi Buzebazeba.

Nilichokuwa nakitegemea ni hiki. Kanda ya kuaga haijazi kaseti. Mtu anaongea dakika kumi, anamaliza, na baada ya hapo kilichokuwepo kwenye kaseti kinabaki kama kilivyokuwa. Kwa hiyo kama ipo nyumba bado imehifadhi kaseti yenye tone jekundu la rangi ya kucha, nyuma ya maneno ya kuaga kuna Migebuka Jazz. Imeharibika, ndiyo, lakini labda hata kikohozi kingesikika.

Nilizunguka nyumba ambazo bado nazikumbuka. Buzebazeba nikapata moja, tone lipo, lakini wamerekodi kaswida pande zote mpaka mwisho. Nyingine aliyeachiwa alivuka nayo baadaye. Ya tatu watoto walishachomoa utepe wakafungia kuku.

Siku ya pili nikaenda Ujiji kwa mama yake Sefu.

Bi Zuhura yupo, kazeeka, macho makali. Sefu hakurudi. Alivuka ile jioni na mpaka leo hakuna aliyeleta neno. Nilipotaja kaseti akaniangalia kama mtu aliyekuja kuomba figo.

"Unaitakia nini?"

Nikaeleza. Yeye nilimweleza ukweli wote, sijui kwa nini kwake ilikuwa rahisi.

Akafikiri. Akasema, "Haitoki humu ndani. Waje hapa. Na wewe usikiguse kitufe chekundu, nakujua sasa."

Kitufe chekundu ndicho cha kurekodi. Nikakubali.

Kesho yake saa nne asubuhi tulikuwa sebuleni kwa Bi Zuhura. Mimi na deki langu nililolitoa stoo na kulibadilishia mkanda wa mota, Amisi, na Riziki kakaa chini kwenye mkeka. Bi Zuhura akafungua kanga tatu, akatoa kaseti. Akampa Amisi, hakunipa mimi.

Amisi akalipapasa lile tone jekundu kwa kidole gumba. Kisha akaigeuza. Mgongoni, kwenye matundu ya vijino alivyovunja mwenyewe, kulikuwa na kikaratasi changu. Kimekunjwa vizuri, kimegeuka njano.

Akakitazama. Akanitazama.

"Fundi," alisema, "mvua inakunja karatasi?"

Wakuu, nilipiga magoti. Nikamwambia yote, nne zote, na mvua hapakuwa na mvua, na miaka yote nilijua. Riziki kainamisha kichwa. Bi Zuhura anatazama mlangoni.

Amisi akaigeuza tena ile kaseti. Halafu akasema, "Basi mvua nimeisingizia bure miaka yote hii." Akanipa kaseti. "Inuka. Weka."

Nikachomeka umeme, nikabonyeza. Sefu akaanza kuongea, sauti safi kabisa, kama yupo chumba cha pili. Anamsalimia mama. Anasema paa la jikoni kashaongea na fundi. Anasema yule jogoo mwekundu wasimchinje, atakuja kumla mwenyewe. Bi Zuhura midomo inakwenda pamoja naye, neno kwa neno. Jogoo yule, aliniambia baadaye, alikufa kwa uzee.

"Haya mama, kwaheri. Kwaheri mama."

Mkono wa Bi Zuhura ukaruka kuzima. Mazoea. Miaka yote huzima hapo hapo. Safari moja alichelewa, akasikia vitu vinalia kama majini, hakurudia tena. Safari hii akauzuia mkono wake mwenyewe, akauweka mapajani.

Na majini yakaanza. Zile zile kelele. Vijitu vinakimbizana.

Riziki akasikiliza kwa bidii sana, mnajua mtu anapojilazimisha kufurahi. "Ndiye huyu?" akauliza. Nilitamani sakafu ipasuke.

Amisi lakini alikuwa ameinamisha kichwa, vidole vya kushoto vinacheza juu ya goti. "Ni wimbo yetu," akasema. "Haikuharibika. Inakimbia. Kwa nini inakimbia?"

Nikatazama waya wa umeme.

Inakimbia. Mimi, Fundi wa Gungu mzima, nilihitaji mpiga gitaa aniambie. Siku ile tulirekodi kwa betri za kuanikwa. Betri ikichoka, mota inazunguka polepole, utepe unapita polepole. Ukija kuucheza kwa umeme kamili, lazima ukimbie. Sefu nilimrekodi kwa umeme, ndiyo maana yeye yuko sawa. Kanda hazikuwahi kuharibika hata siku moja. Nilifuta kitu kizima nikidhani nafuta kibovu, na kosa lilikuwa la betri zangu mwenyewe!

"Nataka betri mbovu," nikasema. Bi Zuhura akadhani nimechanganyikiwa.

Nikatoka. Wakuu, mtu mzima anagonga milango Ujiji akiomba betri kubwa zilizokufa. Wengine waliniuliza kama ni za mganga. Nikarudi nazo kumi na kitu, na mbili zikatoka kwenye redio ya Bi Zuhura mwenyewe. Nikachomoa umeme, nikapanga sita.

Ikaanza kuvuta, kama mlevi anayepanda ngazi. Zimekufa mno. Nikatoa mbili nikaweka za Bi Zuhura. Karibu, bado. Nikachukua nyingine mbili nikaenda kuzianika uani juu ya bati, na tukakaa pale kungojea jua lifanye kazi, Bi Zuhura akatuletea chai na mihogo. Ndiyo chai ngumu kuliko zote nilizowahi kunywa. Hakuna aliyeniambia neno baya, na hilo ndilo lilikuwa gumu.

Naona mkuu mmoja kashaandika hapo chini nilipobandika sehemu ya kwanza, anauliza kwani simu zina kazi gani, kuna programu za kupunguza mwendo. Kweli, mkuu, na baadaye kijana wa dukani kwangu alifanya hivyo hivyo. Lakini siku ile kichwani kwangu kulikuwa na betri tu.

Nikaweka zile zilizoota jua. Nikarudisha utepe mpaka pale Sefu alipomalizia. Nikabonyeza.

Sauti ilikuwa ndogo, tukasogeza vichwa. Kwanza gitaa linajaribiwa. Amisi akainua mkono, halafu akaushusha taratibu. "Hapo. Hapo hapo. Njo yenyewe." Ndiyo yenyewe, kwa Kiswahili chao.

Kisha akaongea Feza. Hakuwa ameanza kuimba, alikuwa anaongea tu, yupo kwenye ndoo yake, nilikuwa nimeshasahau kabisa.

"Ngojeni kwanza," anasema, na anacheka kidogo. "Huyu mutoto anapiga teke. Anataka aanze mbele yangu."

Na sauti ya Amisi kijana, kutoka mbali na maikrofoni, inajibu, "Umwambie angoje zamu yake."

Wote wakacheka mle ndani ya kaseti, na mimi nimo, nasikika nacheka. Halafu besi ikaingia, na Feza akaanza kuimba, hana haraka na mtu.

Riziki alikuwa ameshika mdomo. Akamgeukia mjomba wake. "Ni mimi huyo?"

"Ni weye," Amisi akasema.

Hakulia kama nilivyotegemea. Aliegemeza sikio kwenye spika, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka wimbo ukakatika katikati, upande wa kaseti ulipoisha. Wimbo mmoja na nusu, na upande wa pili ulikuwa mtupu. Ndicho kilichobaki cha Migebuka Jazz duniani, ninavyojua mimi.

Aliyelia ni mimi. Bi Zuhura akanitupia upande wa kanga nijifute, akasema, "Jikaze, mwanaume."

Waliondoka na nakala kwenye simu mbili na kwenye flashi. Kaseti ilirudi kwenye kanga tatu, kama tulivyokubaliana. Siku ya safari niliwasindikiza. Amisi alinikumbatia, akasema kitu ambacho sijakimaliza mpaka leo: "Ungezichunga vizuri, ningezichukua kambini, na kambini nyumba yetu iliungua." Sijui kama alitaka kunisamehe au alikuwa anasema tu ilivyokuwa. Siitumii kujisafisha. Nilifuta, basi.

Bi Zuhura nampitia kila nikienda Ujiji. Deki nimemwachia. Mwezi uliopita nilimkuta anasikiliza, nikasimama mlangoni. Sefu akaaga. Mkono wake haukwenda kwenye kitufe. Feza akaingia na ngoma yake, inakimbia kidogo kwa sababu ya umeme, na yule mama akaendelea kuchambua mchele wake huku kichwa kinakwenda.

"Zamani ikifika kwaheri ilikuwa kimya," aliniambia. "Sasa naona kama kaondoka kuna watu wanamwimbia."

Nilichojifunza, wakuu. Mimi niliamini kitu kimeharibika kwa sababu nilikisikiliza kwa haraka. Na uongo wa dakika moja nilioutoa kibandani ulimnyima mtoto sauti ya mama yake miaka zaidi ya ishirini, wakati ilikuwepo Ujiji, mwendo wa bodaboda tu. Kama kuna mtu anakudai ukweli, kamlipe angali hajapewa tarehe ya safari.

Wale mliokaa Ujiji, Gungu, Kibirizi miaka ile, au ndugu zenu walivuka: kama nyumbani kuna kaseti yenye tone la rangi nyekundu ya kucha, naomba msiitupe, mniandikie hapa au PM. Moja ya zile nne ilivuka ziwa na mwenyewe, na bado sijaikatia tamaa. Na kama na wewe umehifadhi sauti ya mtu wako, tuambie hapa ni ya nani na anasema nini. Nitasoma zote.

Halafu ukiisikiliza, akishaaga usizime. Iache iende kidogo.